Gari Linalotembea na Gari Lililo Salama: Uchambuzi wa Matunzo ya Magari ya Mitumba Afrika Mashariki

Magari mengi madogo yanayoonekana katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda hayakuanza maisha yake huku. Yaliundwa Japani kwa ajili ya wateja wa Japani, yakatumika huko kwa miaka sita, minane au zaidi ya kumi, yakauzwa mnadani, yakapakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam au Mombasa, ambako huanza maisha ya pili ambayo mara nyingi huwa marefu na magumu kuliko ya kwanza. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020 ilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyokwisha kutumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba takriban asilimia 40 yake yaliishia Afrika. Serikali za eneo hili zimejaribu kulidhibiti wimbi hilo kwa kutazama umri: Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka minane, Uganda tangu mwaka 2018 imezuia magari yaliyopita miaka 15, na Tanzania haikuweka ukomo bali hutoza ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu. Kanuni hizo zina faida yake, lakini kazi yake huishia bandarini na mpakani. Gari likishapata namba za usajili, swali la kama bado linafaa kubeba watu huachiwa zaidi mwenyewe.

Huko lilikotoka, swali hilo halikuachwa kwa mwenye gari. Nchini Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili, kwa utaratibu unaoitwa shaken. Katika ukaguzi huo mashine hupima nguvu ya breki, mwelekeo wa magurudumu ya mbele, mwanga na pembe ya taa kubwa, moshi, na usahihi wa kipima mwendo, kisha mkaguzi hupita uvunguni akigonga na kutikisa viungo kimoja kimoja. Gari lisilopita haliruhusiwi kurudi barabarani. Gharama ya shaken ni kubwa kiasi kwamba Wajapani wengi huona afadhali kuuza gari kuliko kulilipia tena, na hiyo ni sababu mojawapo ya magari yenye hali nzuri kufika Afrika Mashariki kwa bei inayomudika. Kinachosahaulika ni kwamba uzuri wa gari hilo ulitokana kwa sehemu na ukaguzi uleule ambao mwenye gari wa kwanza aliukimbia, na ambao mwenye gari wa pili hataupata.

Hitilafu za gari zinaweza kugawanywa kwa namna nyingi, lakini kwa anayetaka kuelewa usalama, mgawanyo wenye manufaa zaidi ni ule unaouliza kama hitilafu hulisimamisha gari au hailisimamishi. Betri iliyokufa, pampu ya mafuta iliyogoma, plagi zilizokwisha na gia isiyokubali kuingia hushughulikiwa siku hiyohiyo, maana bila hivyo hakuna safari. Tairi lililozeeka, mafuta ya breki yaliyoingia maji, kiungo cha usukani kilicholegea na taa ya onyo iliyofungwa macho ni mambo ya namna nyingine: gari lenye kasoro hizo huwaka asubuhi kama kawaida, hufika kazini, hurudi nyumbani, na mwenyewe akiulizwa hujibu kwamba gari liko vizuri, halimsumbui. Fedha na muda wa wenye magari wengi huliwa na kundi la kwanza, ilhali hatari kubwa zaidi imo katika kundi la pili, na matunzo yanayostahili kuitwa matunzo hayana budi kuanzia huko.

Tairi ndilo linalotangulia, kwa kuwa kila kitu ambacho gari hufanya, iwe ni kuongeza mwendo, kukata kona au kusimama, hupitia vipande vinne vya mpira vinavyogusa lami, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu. Maelezo yote ambayo mnunuzi anayahitaji yamechapwa ubavuni mwa tairi, ingawa ni wachache wanaoyasoma. Maandishi 195/65R15 91H yana maana ya tairi lenye upana wa milimita 195, lenye kimo cha ubavu ambacho ni asilimia 65 ya upana huo, lililofumwa kwa mpangilio wa nyuzi unaoitwa radiali, la kuvalishwa rimu ya inchi 15, lenye uwezo wa kubeba kilo 615 na kustahimili mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Karibu na herufi DOT huwa kuna tarakimu nne za mwisho ambazo ni tarehe ya kuzaliwa: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu hizo zina uzito wa pekee katika soko la mitumba, kwa sababu tairi huzeeka hata likiwa limekaa. Mpira hukauka kwa joto, jua na hewa, hupoteza mnyumbuko na kuanza kushika nyufa ndogo ubavuni, huku mifereji yake ikiwa bado mirefu na ya kuvutia macho. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano na liondolewe kabisa likifikisha kumi, hata kama ni la akiba ambalo halijawahi kugusa lami. Tairi la mtumba lililong'arishwa kwa dawa nyeusi na kupangwa kando ya barabara huweza kuwa na umri huo tayari, na muuzaji hana haja ya kudanganya, kwa sababu hakuna anayemuuliza.

Kipara ni suala linaloeleweka zaidi. Mifereji ya tairi ipo kwa ajili ya kusukuma maji pembeni ili mpira uiguse lami, na ndani ya mifereji hiyo kuna vinundu vidogo vya mpira vinavyoonyesha kina cha milimita 1.6, ambacho ndicho kikomo cha kisheria Japani na katika nchi nyingi za Ulaya. Uso wa tairi ukilingana na vinundu hivyo, tairi limekwisha. Mvua ya kwanza ya vuli, ile inayokuta lami ina vumbi na matone ya oili, ndiyo huwafunza hilo waliochelewa.

Hata hivyo, kinachopasua matairi katika safari ndefu mara nyingi ni upungufu wa upepo. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hukunjika ubavuni kila linapozunguka, mkunjo huo huzalisha joto, na joto likizidi tabaka za ndani huachana, mpaka tairi linapasuka gari likiwa katika mwendo mkubwa na likiwa limejaa watu na mizigo. Kiwango sahihi hubandikwa na mtengenezaji kwenye nguzo ya mlango wa dereva, lakini katika gari la Japani karatasi hiyo imeandikwa Kijapani na kwa kipimo cha kilopaskali, wakati mashine ya upepo ya kituo cha mafuta au ya fundi pancha husoma paundi. Kilopaskali 230, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa magari madogo mengi, ni sawa na paundi 33. Pasipo kujua hesabu hiyo, dereva humwambia kijana wa pancha aweke thelathini kote, au arobaini kote, kwa kufuata mazoea ya gari alilokuwa nalo zamani. Upepo hupimwa tairi likiwa limepoa, kabla ya safari, kwa sababu tairi lililotembea huonyesha kiwango cha juu kwa ajili ya joto, na anayelipunguza upepo njiani kwa kudhani umezidi hujitengenezea hatari aliyokuwa akiikimbia. Upepo wa naitrojeni unaouzwa kwa bei ya juu mijini hauna ubaya, lakini hewa ya bure tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na fedha hiyo ingefaa zaidi kununua kipimo kidogo cha upepo cha kuweka ndani ya gari.

Breki hufuata, na hapa inafaa kueleza kwanza kinachotokea pedeli inapokanyagwa. Nguvu ya mguu husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba membamba. Kwa kuwa kimiminika hakikubali kubanwa, msukumo huo hufika kwenye magurudumu yote manne na kuzibana breki pedi dhidi ya diski, au breki shuu dhidi ya ngoma. Mwendo wa gari hugeuka kuwa joto. Hesabu yake ni kali kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa nishati inayopaswa kugeuzwa joto huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unaohitajika kusimama baada ya breki kukamata huzidishwa mara nne. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari hupita karibu mita 14 katika sekunde moja ambayo dereva anahitaji ili kutambua hatari na kuhamisha mguu, kisha huhitaji mita nyingine kama 14 kusimama kwenye lami kavu likiwa na breki na matairi mazuri, jumla mita 28. Katika kilomita 100 kwa saa jumla hiyo hukaribia mita 83. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi kina maana hiyo, nayo haibadiliki kwa kuwa siku hiyo hakuna askari mwenye tochi.

Mafuta ya breki yana tabia moja ambayo huamua mengi, nayo ni kunyonya unyevu wa hewa. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi. Yakishanyonya maji kufikia takriban asilimia 3.7, kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Katika mizunguko ya mjini tofauti hiyo haionekani kamwe, na ndiyo maana gari hutembea miaka mitano na mafuta yaleyale yaliyogeuka rangi ya chai. Huonekana mlimani. Dereva anayetoka Iringa kwenda Morogoro akateremka Kitonga mguu ukiwa juu ya breki tangu kona ya kwanza huzipasha pedi na mafuta kwa pamoja. Maji yaliyomo huchemka yakawa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminika, hukubali kubanwa, kwa hiyo pedeli huzama hadi sakafuni bila kusimamisha chochote. Mteremko wa Mai Mahiu huko Kenya nao hudai heshima hiyohiyo. Dawa ya mteremko mrefu ni kuiachia injini kazi ya kulizuia gari: gari la gia za mkono huteremka kwa gia ambayo lingepandia, na gari la otomatiki huwekwa kwenye L, 2 au S, au kwenye B kwa yale ya mseto wa petroli na umeme, kisha breki hukanyagwa kwa vipindi, kwa nguvu na kwa muda mfupi, ili zipate nafasi ya kupoa.

Kinyume cha hayo ni mazoea ya kuachia gari nyutro mteremkoni kwa nia ya kuokoa mafuta. Mazoea hayo ni urithi wa enzi za kabureta. Injini za kisasa zinazoongozwa na kompyuta hukata kabisa mafuta pale gari linapoteremka likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya eksileta, ilhali katika nyutro injini hulazimika kuendelea kunywa mafuta ili isizime. Anayetia nyutro Kitonga basi hupoteza breki ya injini na mafuta vilevile. Anayezima injini kabisa hupoteza zaidi, kwa kuwa kifaa kinachosaidia mguu kukanyaga breki hutegemea mvuto wa injini, na usukani nao huwa mzito ghafla.

Kuna kosa jingine dogo la gereji ambalo hupita kama hisani. Pedi zinapolika, mafuta katika kikopo cha breki hushuka taratibu, na kushuka huko ni taarifa. Fundi akifungua boneti, akaona yameshuka na kuyaongeza hadi juu bila kuvua tairi kutazama pedi, ameifuta taarifa hiyo. Vibaya zaidi ni kuongezea oili ya injini au mafuta ya usukani kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo, kwani mpira wa ndani ya mfumo wa breki huvimba ukikutana na mafuta ya asili hiyo, na kuanzia hapo hakuna breki ya kuaminiwa mpaka mpira wote ubadilishwe.

Chini ya gari kuna viungo ambavyo barabara za huku huvichosha mapema kuliko wabunifu walivyotarajia. Matuta ya barabarani, hata katika barabara kuu zinazopita vijijini, ni njia yenye mafanikio ya kulazimisha mwendo mdogo, lakini kila tuta linalorukwa kwa kasi ni nyundo juu ya shokapu, bushi na boljointi. Boljointi ni kiungo cha duara kama cha nyonga kinachoruhusu gurudumu kupanda, kushuka na kugeuka; likichomoka, gurudumu la mbele hulala upande na usukani hauna tena kazi. Halichomoki bila kutoa dalili. Gari likiinuliwa kwa jeki na kuwekwa juu ya stendi imara, fundi hushika tairi kwa mkono mmoja juu na mwingine chini, akalitikisa. Mchezo unaosikika hapo ni wa boljointi au beringi. Akishika kushoto na kulia, mchezo huonyesha tairodi, yaani vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakihitaji kompyuta. Tairi linalolika upande mmoja tu hutoa ushahidi uleule kwa mtu asiye na jeki.

Mtindo wa kuinua magari madogo kwa vipande vya chuma au mpira juu ya springi, ulioenea hasa kwa Toyota IST na jamaa zake, unaeleweka, kwa kuwa gari la chini haliwezi mashimo ya barabara za mitaani. Lakini kuinua hupandisha kitovu cha uzito, hivyo gari huegemea zaidi kwenye kona, na huvipinda viungo vilivyotajwa hapo juu katika pembe ambayo havikuundwa kuiishi. Inchi moja iliyofuatwa na urekebishaji wa mwelekeo wa magurudumu ni jambo la kujadilika. Inchi tatu zilizowekwa mchana mmoja chini ya mwembe ni kamari.

Injini na giaboksi havihitaji maelezo marefu, kwa kuwa ndivyo vinavyotunzwa zaidi. Oili ya kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, ambacho kwa magari mengi ya Japani ni chepesi kama 0W-20 au 5W-30, ibadilishwe pamoja na filta yake mapema zaidi katika vumbi na foleni. Giaboksi za CVT, ambazo hutumia mkanda wa chuma badala ya meno, hudai mafuta yake mahususi, na gari kama Nissan Note ya kizazi cha pili likitiwa mafuta ya otomatiki ya kawaida huharibika giaboksi yake. Jambo moja la kuikosoa gereji hapa ni desturi ya kuondoa themostati, yaani kilango kinachoamua lini maji yapite kwenye rejeta, kwa hoja kwamba nchi za joto hazikihitaji. Bila hicho injini hukawia kufikia joto lake, hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema. Na maji ya bomba yanayotiwa badala ya kulanti huzaa kutu na magadi ambavyo huziba rejeta ileile iliyokusudiwa kusaidiwa. Wala mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa ya moto: maji yaliyo chini ya shinikizo hupita nyuzi 100 bila kuchemka, na mfuniko ukilegea tu huchemka yote kwa pamoja usoni mwa aliyeufungua.

Dereva mwenyewe ni sehemu ya mfumo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani duniani kwa mwaka 2021, na Kanda ya Afrika ndiyo iliyokuwa na kiwango kikubwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu, ijapokuwa ina magari machache. Kanuni zilizoitwa za Michuki nchini Kenya, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 chini ya waziri John Michuki, ziliwalazimisha wenye matatu kuweka vidhibiti mwendo na mikanda, na zilithibitisha kwamba tabia hubadilika pale sheria inaposimamiwa. Zilionyesha pia kwamba mabadiliko hayo husinyaa pale usimamizi unapolegea. Katika magari ya binafsi mkanda bado hufungwa na wengi kwa ajili ya askari. Wapo wanaochomeka kidude cha mkanda kitupu ili kengele inyamaze, na abiria wa nyuma huona mkanda kuwa si wao kabisa, ilhali mtu asiyefungwa nyuma hurushwa mbele kwa uzito wote juu ya yule aliyejifunga. Mtoto mdogo aliyepakatwa mapajani kwenye kiti cha mbele yuko mahali pabaya kuliko pote ndani ya gari, kwa sababu mfuko wa hewa hufunguka kwa kasi ya mlipuko na umeundwa kwa ajili ya mtu mzima aliyefunga mkanda.

Kwa Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto kama Japani, usukani wa kulia hauleti tatizo. Burundi na mashariki mwa Kongo, ambako magari hupita kulia lakini mengi huingia kupitia bandari ya Dar es Salaam yakiwa na usukani wa kulia, jambo ni tofauti: dereva anayetaka kulipita lori huketi upande wa ukingo wa barabara, na haoni kinachokuja mpaka gari lote liwe limekwisha kujitokeza. Taa za Kijapani nazo hutupa mwanga wake mrefu upande wa kushoto, hivyo huko humpiga machoni anayekuja. Kukaa nyuma zaidi ya lori, ili pembe ya kuona ipanuke, ndiyo tahadhari pekee iliyo mikononi mwa dereva wa namna hiyo, pamoja na kuacha kulipita usiku.

Swali la nani atazigundua kasoro zisizosimamisha gari hurudi kwenye uchumi wa gereji. Fundi wa chini ya mti hulipwa kwa kubadilisha kitu na si kwa kutazama. Akikagua gari kwa saa nzima na kukuta liko salama, mteja huona hajafanyiwa kazi. Kwa hiyo ama hakagui, ama hukuta lazima kitu cha kubadilisha. Mwenye gari anayemlipa fundi ada ya ukaguzi iliyo wazi, hata kama hakuna kilichofunguliwa, huondoa kishawishi hicho, na ikiwa mkaguzi na mtengenezaji ni watu wawili tofauti, bora zaidi. Kwa upande wa spea, masoko kama Gerezani, eneo la Kariakoo jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi na Kisekka jijini Kampala huuza vya asili, vya mtumba na vya feki meza kwa meza. Mlango, taa, kioo cha pembeni, hata injini ya mtumba havina neno vikikaguliwa. Pedi, mabomba ya breki, boljointi, tairi na mikanda ya usalama ni vitu vya kununuliwa vipya na kwa muuzaji anayejulikana, kwa sababu historia yake haiwezi kusomwa kwa macho.

Dashibodi nayo husema, ikiwa haijanyamazishwa. Ufunguo ukizungushwa hadi hatua ya mwisho kabla ya injini kuwaka, taa za onyo zote, zikiwemo za breki, ABS na mfuko wa hewa, hupaswa kuwaka; baadhi, kama za ABS na mfuko wa hewa, huzimika baada ya sekunde chache, na nyingine injini inapowaka. Taa isiyozimika injini ikiwa imewaka na breki ya mkono ikiwa imeachiwa inaeleza hitilafu. Taa isiyowaka kabisa ina uwezekano wa kuwa imeng'olewa au kuzibwa ili gari liuzike, na mnunuzi anayetazama dashibodi kwa sekunde hizo hujua mengi kuliko anayezunguka gari akipiga matairi mateke.

Lakini ipo kasoro ambayo taa haiwezi kuionyesha, fundi hawezi kuisikia na dereva hawezi kuihisi. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ya hewa iliyotumia amoni naitreti kama kilipuzi cha kuijaza. Baadhi ya vifaa hivyo, hasa visivyowekewa dawa ya kufyonza unyevu, viligundulika kuoza taratibu kwa joto na unyevunyevu wa miaka mingi, kiasi kwamba katika ajali mkebe wa chuma hupasuka na kurusha vipande kwa aliyepaswa kulindwa. Wito wa kuyarudisha magari hayo, ulioanza mwaka 2008 kwa kiasi kidogo, ulikua ukagusa karibu kampuni zote kubwa za Japani na makumi ya mamilioni ya magari duniani, na Takata yenyewe iliomba kufilisika mwaka 2017. Mwaka 2018 Japani ilianza kuyanyima shaken magari yenye hatari kubwa ambayo wenyewe walikuwa hawajayapeleka kurekebishwa. Gari lililokuwa limeshapanda meli kabla ya hapo halikuguswa na uamuzi huo. Lilishuka likaanza kuishi katika joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, ambayo ni hali ileile iliyotajwa kuharakisha uozo wake.

Hapa mwenye gari mmoja mmoja anaweza kufanya jambo moja tu, nalo ni kuchukua nambari ya chesisi iliyoandikwa kwenye kadi ya gari na kuitafuta katika kurasa za mtengenezaji ambako orodha za wito huwekwa wazi, kisha kumuuliza wakala wa kampuni hiyo aliye karibu kuhusu kubadilishiwa kifaa. Wengi hawatafanya hivyo, kwa kuwa hawajui kwamba kuna cha kutafutwa. Mamlaka zinazosajili zina nafasi kubwa zaidi: nambari hiyohiyo ya chesisi huandikwa na kuhakikiwa kila gari linapokaguliwa kabla ya kusafirishwa, linapotolewa ushuru na linapopewa namba za usajili, na kuilinganisha na orodha za wito katika hatua mojawapo kati ya hizo tatu hakuhitaji mashine mpya wala jengo la vipimo.